Mkalimani, Hati na Hofu ya Kutoeleweka katika Afrika ya Mashariki

Kitenzi elewa kina asili inayostahili kutazamwa kabla ya kuingia katika historia yenyewe. Shina lake ni elea. Jambo likiwa wazi akilini mwa mtu, watu wa pwani husema limemwelea. Kutoka hapo hupatikana eleza, yaani kulifanya jambo limwelee mwingine. Elewa, yaani kuwa mtu ambaye jambo limemwelea. Kisha eleweka na elewana. Kwa umbo lake elewa ni kauli ya kutendwa, ijapokuwa wasemaji wa leo hawalihisi hivyo. Mwenye kuelewa ametendewa jambo, na nyuma yake yupo mwenye kueleza.

Baina ya watu wa lugha moja kazi ya kueleza hufanywa na msemaji mwenyewe, naye asipoeleweka huulizwa tena hapo hapo. Baina ya watu wa lugha mbili kazi hiyo hushikwa na mtu wa tatu, ambaye Waswahili humwita mkalimani au mtarijumani, majina mawili yenye asili ya Kiarabu. Hapo ndipo hofu inapoanza. Msemaji hajui neno lake limefika katika hali gani, na msikilizaji hajui kama alilolisikia ndilo lililosemwa. Mkalimani peke yake ndiye ajuaye, naye aghalabu ni mtumishi wa upande mmoja.

Imezoeleka kusema kwamba watu wa zamani hawakuelewana kwa sababu maneno yalikuwa machache, au kwa sababu upande mmoja ulikuwa na ujinga. Historia ya wakalimani katika Afrika ya Mashariki haikubali maelezo hayo. Mara nyingi maneno yalitosha. Kilichokosekana ni nafasi ya kuuliza tena: upande mmoja haukuweza kuuliza, au haukuona haja. Jambo hili lina uzito hata leo, kwa maana yuko mtu mmoja katika historia ya Tanzania ambaye jina lake limefanywa mfano wa upumbavu, na hukumu hiyo yafaa kupimwa upya. Mtu huyo ni Mangungo wa Msovero. Lakini ili kesi yake ieleweke, budi kuanza mbali kidogo.

Vasco da Gama alipoondoka Lisbon mwezi wa Julai 1497, alijua kwamba safari yake haitafaa kitu bila ya watu wa kusema kwa niaba yake. Miongoni mwa mabaharia wake alikuwamo Martim Afonso, aliyekaa muda mrefu katika nchi ya Kongo, na Fernão Martins, aliyejua Kiarabu. Mapema mwaka 1498, katika pwani ya kusini, Martim Afonso aliweza kupata maana ya maneno ya wenyeji, jambo lisilo la ajabu kwa mtu ajuaye kwamba lugha za Kibantu ni ndugu. Walipofika kisiwa cha Msumbiji, zamu ikawa ya Kiarabu. Mazungumzo yakaenda kwa lugha ya dini na ya biashara ya mbali, wala si kwa lugha iliyosemwa majumbani na sokoni.

Kwa mujibu wa habari za safari zilizoandikwa na mmoja wa mabaharia hao, watu wa Msumbiji waliwapokea Wareno vizuri maadamu waliwadhani kuwa Waturuki au Waislamu wa nchi nyingine. Walipotambua kwamba ni Wakristo, urafiki ukaisha. Wareno waliuita mgeuko huo khiana. Lakini ukitazamwa kwa utulivu, waliokosa mwanzo walikuwa wenyeji, na Wareno hawakufanya haraka kuwasahihisha kwa kuwa kosa hilo liliwafaa. Kukaa kimya mbele ya mtu aliyekosea ni namna moja ya kusema.

Malindi, mwezi wa Aprili mwaka ule ule, mambo yakageuka, na waliokosa sasa ni Wareno. Bandarini walikuta merikebu za Wahindi, nao Wahindi hao walikijua Kiarabu kidogo tu. Wareno waliwaonyesha picha takatifu ya Kikristo, Wahindi wakainama kwa heshima. Wareno pia walisikia wakitamka neno ambalo masikioni mwao lilikuwa jina la Kristo. Wanahistoria wengi wameona kwamba huenda lililotamkwa ni jina la Krishna. Gama na watu wake wakayakinisha kuwa wamewapata ndugu wa imani. Walipofika Calicut mwezi wa Mei wakaingia hekalu la Kihindu wakidhani ni kanisa, na mwaka 1499 habari hiyo ikarudi nao Ureno.

Katika kisa hiki mkalimani alikuwapo, na Kiarabu, ijapokuwa kidogo, kilikuwapo. Swali moja au mawili yangetosha kuonyesha kwamba hawa si Wakristo. Lakini Wareno walikuwa wamekwenda Bahari ya Hindi wakitumaini kuwakuta Wakristo, nao walipoyasikia waliyotamani kuyasikia hawakuuliza tena. Hamu ya kueleweka na kupata mwenzi ilikuwa kubwa kuliko hofu ya kukosea. Somo la mwaka 1498 ni hili: masikio yenye haja hujifasiria yenyewe, wala hayangoji mkalimani.

Miaka mia tatu na hamsini baadaye, katika njia ya misafara itokayo Mombasa, neno moja la Kiswahili lilizusha mabishano yaliyofika London. Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani aliyetumwa na Church Missionary Society, alikuwa akikaa Rabai pamoja na Johann Ludwig Krapf. Tarehe 11 Mei 1848, akiwa njiani kwenda nchi ya Wachagga, aliona mbele yake mlima wenye kilele cheupe. Akamwuliza kiongozi wake ile nyeupe ni nini. Kiongozi akajibu kwa neno moja tu: baridi.

Mtu wa pwani hakuwa na haja ya jina la kitu ambacho hakipatikani pwani. Alichojua juu ya weupe ule ni tabia yake, naye akaitaja tabia hiyo kwa uaminifu. Rebmann aliyezaliwa katika nchi ya majira ya baridi, alielewa mara moja kwamba anatazama theluji. Hapa pana mfano mzuri wa kuelewana: jina halikuwapo, lakini palikuwa na swali, jibu, jicho la kutazama, na nafasi ya kuendelea kuuliza njiani. Katika maandishi yake Rebmann alitaja pia hadithi za watu wa pwani waliodhani kwamba juu ya mlima kuna fedha. Aliweza kuzipima kwa kuwa alikuwa na watu wa kuwauliza.

Habari zilipochapishwa Ulaya mwaka 1849, hali ilikuwa nyingine. Mtaalamu wa jiografia wa London, William Desborough Cooley, ambaye hakupata kufika Afrika, alikataa katakata kwamba theluji yaweza kukaa karibu na ikweta. Krapf naye aliuona Kilimanjaro, na mwezi wa Desemba 1849 akauona mlima Kenya na theluji yake. Hata hivyo ushahidi wa wote wawili ulitiliwa shaka. Karl Klaus von der Decken alipokwenda Kilimanjaro mwaka 1861, na tena mwaka 1862 pamoja na Otto Kersten, ndipo jambo likathibitika mbele ya wataalamu wengi. Muda wote huo Rebmann alikaa katika hali ya mtu aliyesema kweli akaonekana mzushi. Kiongozi wake, ambaye neno lake lilikuwa msingi wa habari yote, hakuna aliyefikiri kumwuliza.

Yafaa kuzingatia kwamba katika miaka hiyo hiyo kazi ya kuandika Kiswahili kwa ajili ya wageni ilikuwa ikianza, na iliendeshwa na hofu hii hii ya kutoeleweka. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka ule ule akaanza kufasiri kitabu cha Mwanzo kwa msaada wa kadhi wa mji. Mwaka 1850 alichapisha maelezo ya sarufi ya Kiswahili, na kamusi yake kubwa ilitoka London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Unguja, Edward Steere alichapisha kitabu chake cha kujifunzia Kiswahili mwaka 1870. Wote wawili walikuwa na jambo la kusema ambalo kwao lilikuwa zito kuliko maisha, nao waliogopa lisije likaharibika mdomoni mwa mtu wa tatu. Kamusi, kwa asili yake, ni jitihada ya kumwondoa mkalimani katikati. Lakini kamusi hizo zilieleza Kiswahili kwa Kiingereza. Zilimsaidia mgeni kuuliza. Hazikumsaidia mwenyeji kumwuliza mgeni.

Hali hiyo ya upande mmoja kuwa na kitabu na upande mwingine kutokuwa nacho ndiyo iliyokuwapo Carl Peters alipopita Usagara. Peters alifika Unguja mapema mwezi wa Novemba 1884 pamoja na wenzake, akavuka kwenda bara, na kabla ya mwaka kwisha akawa amerudi na mikataba kumi na miwili kutoka Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami. Mmoja katika hiyo, wa tarehe 29 Novemba 1884, ulikuwa na jina la Mangungo wa Msovero, mahali palipo katika wilaya ya Kilosa ya leo. Hati ilimwita Sultani. Ilisema kwamba ametoa nchi yake yote pamoja na haki zote za utawala kwa Peters, wakili wa chama cha Wajerumani cha kutafuta makoloni, na kwamba baina yao pana urafiki wa milele. Iliandikwa Kijerumani. Palikuwapo mkalimani aliyekuja na msafara. Palikuwapo zawadi, kinywaji, bendera na milio ya bunduki, kama Peters mwenyewe alivyosimulia kwa fahari.

Katika Tanzania ya leo, mtu akitaka kumlaumu kiongozi aliyetia sahihi mkataba mbaya, humwita Mangungo. Lawama hiyo hudhania mambo matatu: kwamba Mangungo alisomewa yaliyoandikwa, kwamba aliweza kuyaelewa, na kwamba aliyakubali kwa uzembe au kwa tamaa ya zawadi. Yafaa kuyatazama moja moja.

Kwanza ni majina. Neno sultani, katika lugha ya misafara, lilitumika kwa kila mkubwa wa mji au wa kijiji ambaye wasafiri walimpa hongo ili wapite. Pwani neno hilo hilo lilimhusu Seyyid wa Unguja. Katika hati ya Kijerumani likapata maana ya tatu: mwenye enzi anayeweza kuuza enzi hiyo mbele ya mataifa. Mkalimani aliweza kulitamka neno bila ya kosa hata moja la matamshi, na bado maana tatu zikapita kila moja kwa njia yake. Kwa hiyo kosa halikuwa katika neno, kwa maana neno lilikuwa moja kwa wote.

Pili ni jambo lenyewe. Mgeni kuomba mahali, akapewa, akafanywa rafiki au ndugu wa mwenyeji, ilikuwa desturi iliyojulikana katika nchi nyingi za bara. Mgeni wa namna hiyo hukaa chini ya mwenyeji na hufuata mila ya mahali. Lakini kwamba nchi pamoja na mamlaka, mahakama na kodi vyaweza kuhamishwa kwa alama ya kalamu kwenda kwa watu wasiopata kuonekana, ambao nao watavipeleka kwa mfalme wao, hilo ni wazo la sheria ya Ulaya. Mkalimani wa msafara, aliyezoea kufasiri habari za hongo, chakula na njia, angalitumia maneno gani kulieleza? Na kama yeye mwenyewe halikumwelea, angaliwezaje kulifanya limwelee mwingine?

Tatu ni nafasi ya kuuliza. Peters alikwenda kwa haraka, kwa kuwa aliogopa kutanguliwa na mataifa mengine. Mikataba kumi na miwili kwa majuma machache ya safari ya miguu yaonyesha ni muda gani uliokaa katika kila mahali. Hapakuachwa hati katika lugha ambayo mwenyeji angeweza kumpa mtu wake aisome baada ya mgeni kuondoka. Ajabu ya jambo hili ni kwamba Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kilikuwa kikiandikwa pwani tangu karne nyingi, na waandishi walikuwapo Bagamoyo, Saadani na Unguja. Mkataba wa Kiswahili uliwezekana kabisa. Haukutakiwa. Peters hakuwa na haja ya kueleweka Msovero; haja yake ilikuwa kueleweka Berlin. Huko alieleweka upesi: tarehe 27 Februari 1885, siku moja baada ya mkutano wa Berlin kufungwa, serikali ya Kaisari ilitoa hati ya ulinzi juu ya nchi hizo. Seyyid Barghash, aliyekuwa na waandishi na aliyejua sana maana ya maneno, alipinga; mwezi wa Agosti manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya mji wa Unguja, naye akalazimika kunyamaza.

Ili kuona kama kosa lilikuwa la Mangungo au la hali aliyotiwa, kisa kingine cha miaka hiyo hiyo kinaweza kuwekwa kando yake. Tarehe 2 Mei 1889 Menelik wa Uhabeshi, yaani Ethiopia, alifanya mkataba na Wataliani mahali paitwapo Wuchale. Mkataba huo uliandikwa kwa lugha mbili, Kiamhari na Kitaliani. Kifungu cha kumi na saba kilihusu mawasiliano ya Uhabeshi na mataifa mengine. Kwa Kiamhari kilisema kwamba mfalme aweza kuitumia serikali ya Italia katika mambo hayo. Kwa Kitaliani kilisema kwamba amekubali kuitumia, na Wataliani wakakisoma kuwa ni sharti. Juu ya kitenzi hicho kimoja Italia ikayatangazia mataifa ya Ulaya kwamba Uhabeshi umekuwa chini ya ulinzi wake.

Menelik alitambua tofauti hiyo mwaka 1890, alipoona kwamba wafalme wa Ulaya wanamjibu kana kwamba hana tena haki ya kusema nao mwenyewe. Akafungua nakala yake, akaisoma kwa lugha yake, kisha akamwandikia mfalme wa Italia akimwonyesha kwamba hakukubali jambo hilo. Mabishano yaliendelea, mwaka 1893 akaukataa mkataba, na tarehe 1 Machi 1896 jeshi lake likawashinda Wataliani huko Adwa. Mwezi wa Oktoba mwaka ule mkataba wa Addis Ababa ukafuta ule wa Wuchale.

Husemwa kwamba Menelik alikuwa mwerevu na Mangungo mjinga. Werevu wa Menelik hauna shaka. Lakini yafaa kukumbuka kwamba yeye pia alitia muhuri wake katika hati ambayo nusu yake ilisema asilolikusudia. Siku ile ya Mei 1889 naye pia hakujua ni maneno gani yatakayosomwa Ulaya kwa niaba yake. Tofauti kati yao ilikuja baadaye. Menelik alikuwa na nakala katika lugha yake, alikuwa na waandishi wa kuisoma, na alikuwa na nguvu ya kufanya swali lake lisikilizwe. Mangungo hakuwa na hata moja la haya matatu. Hivyo jina lake halistahili kuwa mfano wa ujinga. Likiwa mfano wa kitu, ni wa mtu aliyefanyiwa mapatano katika lugha ambayo hakupewa njia ya kuihoji. Methali yasema kuuliza si ujinga. Lakini methali hiyo yadhania kwamba yuko wa kujibu.

Baada ya serikali ya Kijerumani kushika nchi, hofu ya kutoeleweka ikawa ya watawala wenyewe. Hakimu asiyeelewa mashauri hana hukumu, na mtoza kodi asiyeeleweka huwa na fujo. Seminari ya lugha za Mashariki iliyofunguliwa Berlin mwaka 1887 ikafundisha Kiswahili kwa maofisa waliokuwa wakienda Afrika, na walimu wenyeji wakaletwa kusaidia. Mmoja wao alikuwa Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyezaliwa Dunda karibu na Bagamoyo, akafundisha Kurani katika mji huo, kisha akaenda Berlin mwaka 1900.

Mwaka 1903 kilitoka kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichotengenezwa na Carl Velten kutokana na maandishi ambayo sehemu yake kubwa ni ya Mtoro. Ndani yake Waswahili wa mrima wanaeleza wenyewe, kwa lugha yao, mambo ya uzazi, jando, arusi, ngoma, deni, utumwa na sheria. Hakuna kitabu cha wakati ule kilichofanya zaidi ya hicho ili watu wa pwani waeleweke kwa wageni. Baada ya maneno ya kamusi, hapa palikuja maelezo ya maisha, nayo yalitoka kwa mwenyewe.

Lakini yaliyompata mwandishi ni jambo la kufikiriwa sana. Mwaka 1904 Mtoro alioa mwanamke Mjerumani. Mwaka 1905 walisafiri pamoja kwenda Afrika ya Mashariki, na merikebu ilipofika Dar es Salaam wakuu wa koloni hawakuwaruhusu kushuka na kukaa kama mume na mke. Wakarudi Ujerumani. Mtoro aliendelea kufundisha na kusema mbele ya watu, akafa Berlin mwaka 1927. Waliokataa ashuke walikuwa watumishi wa serikali ile ile iliyotaka maofisa wake wazijue desturi za watu wake. Walielewa kila neno alilosema. Kijerumani na Kiswahili vyote viwili alikuwa navyo. Kwa hiyo kisa cha Mtoro chaonyesha mwisho wa uwezo wa mkalimani. Mtu aweza kueleweka neno kwa neno, asikubaliwe. Kujua maana ya maneno ya mtu hakumlazimishi msikilizaji kumhesabu kuwa mwenzake.

Katika enzi ya Waingereza hofu hiyo ilipata sura ya kamati. Mkutano wa elimu uliofanywa Dar es Salaam mwaka 1925 ulizungumza juu ya Kiswahili kimoja kwa ajili ya shule. Mwaka 1928, Mombasa, ambako Carl Meinhof alikuwapo, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi. Tarehe 1 Januari 1930 ikaanza Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki, na Frederick Johnson akawa katibu wake. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya haki: vitabu vya Kenya vieleweke Tanganyika, vya Unguja vieleweke Uganda. Faida yake haiwezi kukanushwa. Mwalimu wa Bukoba na karani wa Lindi waliweza kuandikiana bila ya mtu wa tatu.

Hata hivyo wajumbe wa kwanza wa kamati walikuwa Wazungu. Waafrika waliingia baadaye, na Shaaban Robert alikuwa mmoja wao. Kwa miaka mingi wenye lugha, khasa wa Mombasa waliokizoea Kimvita chenye mashairi mengi ya kale, walilalamika kwamba wanasahihishwa katika lugha waliyonyonya kwa mama zao. Hapa pana jambo la kuingia akilini: chombo kilichoundwa ili watu waeleweke kilianza bila ya kuwauliza wale waliotakiwa kueleweka. Kanuni ile iliyoonekana Malindi na Msovero ilirudi katika nguo ya kitaalamu, ijapokuwa safari hii madhara yake yaliweza kurekebishwa, nayo yalirekebishwa polepole. Kamusi za mwaka 1939 zilifasiri Kiswahili na Kiingereza. Kamati ikahamia Makerere mwaka 1952, kisha Mombasa, na mwaka 1964 kazi yake ikaunganishwa na chuo kikuu cha Dar es Salaam. Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotolewa huko mwaka 1981 ilieleza maneno ya Kiswahili kwa Kiswahili, na kazi ya kueleza ikashikwa na wasemaji wa lugha.

Mahali palipobaki na mkalimani kwa muda mrefu zaidi ni mahakama. Ijapokuwa Kiswahili kilitumika katika mahakama za chini tangu zamani, sheria za Tanzania na kumbukumbu za mahakama za juu ziliendelea kuwa za Kiingereza baada ya uhuru. Mshitakiwa aliyesema Kiswahili mbele ya hakimu ajuaye Kiswahili aliweza kukuta maneno yake yameandikwa kwa lugha asiyoweza kuisoma. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilibadili sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama, na Kiingereza kikaachwa kwa mahali pa haja. Kazi ya kufasiri sheria nyingi si ya siku moja. Lakini maana ya badiliko hilo, likitazamwa kutoka Msovero, ni wazi: mtu apewe nakala katika lugha yake.

Tangu mwaka 1498 wakalimani wa Afrika ya Mashariki wamelaumiwa sana, na baadhi yao walistahili. Lakini mara nyingi walifasiri vizuri kadiri walivyoruhusiwa. Wareno walipewa majibu ambayo hawakuyaulizia. London ilipewa neno sahihi la kiongozi ikalikataa. Peters alikuwa na mkalimani ambaye hakumpa kazi ya kueleza, bali ya kushuhudia. Mtoro alieleza yote, akaachwa baharini. Katika visa hivi vyote tofauti ya lugha haikuwa ndiyo iliyozuia kuelewana, ila ilitoa kisingizio. Alipopatikana mtu wa kuuliza na mtu aliyekubali kuulizwa, kama ilivyokuwa siku ile chini ya Kilimanjaro, neno moja la baridi lilitosha kueleza kitu kisicho na jina. Mtafiti atakayeisoma hati ya Msovero baada ya hapa hana haja ya kuuliza kwa nini Mangungo hakuelewa. Swali linalohitaji jibu ni nani aliyetaka aelewe.